Samadi inageuka tope kila mvua zikianza: nipunguze ng'ombe, nijenge mtambo wa biogesi, au ninunue urea?

"Shikamoo mwalimu. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Rungwe, juu kidogo ya Tukuyu. Nina ng'ombe wanne wa maziwa, chotara, nawafugia ndani. Eneo letu ni ekari moja: migomba, mahindi kidogo na bustani ya kabichi. Banda liko karibu na nyumba, nusu lina bati na nusu ni uwanja wazi wa ng'ombe kunyoosha miguu, kama hatua sita kwa nane. Mavi tunayasomba kwa toroli na kuyamwaga bondeni, hatua kama ishirini kutoka kwenye kijito. Kiangazi hatuna shida. Mvua zikianza kila kitu kinakuwa tope, harufu inafika kwa majirani, nzi hawana idadi, na mwezi uliopita niliitwa kwa mwenyekiti wa kitongoji. Nilimwaga majivu kuua harufu, haikusaidia. Nilitandika maranda ya seremala, nikayatoa pamoja na mavi nikaweka kwenye mahindi, mahindi yakawa ya njano. Muuza pembejeo akaniambia samadi inaunguza mimea na kuleta magugu, bora urea. Mwanangu anasema nijenge mtambo wa biogesi na shida zote zitakwisha. Mume wangu anasema tuuze ng'ombe wawili. Nishike lipi?"

Marahaba, mama. Nimeisoma barua yako mara mbili, na mara ya pili nilichukua kalamu nikapiga hesabu, maana ulinipa vipimo na vipimo ni nusu ya jibu. Naona unaulizwa maswali manne kwa wakati mmoja: majirani wanauliza habari ya harufu, kijito kinauliza habari ya usafi wake, shamba linadai chakula, na nyumbani wanataka uamuzi kuhusu ng'ombe. Nitayagusa yote, lakini kwanza nikuonyeshe hesabu niliyoipata, kwa sababu ndiyo iliyonifanya nisikubaliane na mwanao, wala mumeo, wala muuza pembejeo.

Ng'ombe chotara wa maziwa anayekula vizuri hutoa mavi mabichi kama kilo 25 kwa siku, na mkojo kama lita 12. Wako wanne, basi kwa mwaka ni kilo 36,000 hivi za mavi na lita 17,000 na ushei za mkojo. Sasa geukia mvua. Milimita moja ya mvua ikinyesha juu ya mita moja ya mraba ni lita moja kamili ya maji. Uwanja wako wa wazi ni kama mita za mraba 40, na huko kwenu sehemu nyingi hupata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Arobaini mara elfu mbili ni lita 80,000. Yaani mvua inayoangukia uwanja peke yake inazidi mavi na mkojo wa ng'ombe wote wanne vikijumlishwa pamoja. Na kama bati la ile nusu iliyoezekwa linamwaga maji yake uwanjani, kama nilivyoona kwenye mabanda mengi ya huko, ongeza maelfu mengine ya lita.

Kwa hiyo, mama, unachosomba kwa toroli mwezi wa tatu ni maji ya mvua yaliyochafuliwa na ng'ombe. Ukiuza ng'ombe wawili leo, Novemba mvua itanyesha pale pale kwa kiasi kile kile, na utakuwa na tope jepesi zaidi na maziwa nusu. Hapo ndipo ningeweka fedha ya kwanza: bati la kumalizia paa, gata la kuchukua maji ya paa lote, na mfereji mdogo upande wa juu wa banda wa kukinga maji yanayoshuka kutoka mlimani. Kama huna uwezo wa kuezeka uwanja wote, ezeka theluthi mbili na sehemu inayobaki iinue kwa mawe na kokoto ili maji yapite yasituame. Sakafu iwe na mteremko wa sentimita 2 au 3 kwa kila mita, uelekee upande mmoja tu. Ikizidi hapo ng'ombe watateleza, hasa wenye mimba.

Faida ya kwanza utaiona kwenye ndoo ya maziwa kabla ya shambani. Ng'ombe anayelala kwenye tope huloweka kwato na kuchafua chuchu usiku kucha. Kwato zinalainika na kuoza, na vijidudu vinavyosababisha ugonjwa wa kiwele vinaingia kwa urahisi. Umeandika habari za harufu na nzi, hukuandika habari za kiwele, lakini jioni ya leo ukikamua, minya michirizi miwili mitatu ya kwanza ya kila chuchu kwenye kikombe cheusi. Ukiona vipande kama mtindi, tope limeshaanza kukugharimu.

Sasa harufu. Zipo mbili, na pua yako inaweza kuzitofautisha. Moja ni ile ya yai viza na uchachu. Hiyo hutoka kwenye lundo lililojaa maji. Maji yanapojaza nafasi za hewa, bakteria wanaohitaji hewa wanakufa na wasiohitaji hewa wanachukua zamu, na wao hutoa gesi zenye salfa na asidi zinazonuka. Lundo lile lile likipata hewa hunuka kama udongo wa msituni baada ya mvua. Harufu ya pili ni ile inayochoma macho na pua unapoingia bandani alfajiri. Hiyo ni amonia. Mkojo unapotoka kwa ng'ombe una urea ndani yake, ile ile urea ya dukani, na haina harufu kali. Lakini kwenye mavi mna kimeng'enya kinachoivunja urea kuwa amonia. Mkojo na mavi vikikutana sakafuni kazi hiyo inakwisha ndani ya saa chache, na amonia inapaa.

Ndiyo maana majivu hayakukusaidia, na kwa kweli yalikuharibia. Majivu yana magadi ndani yake, yanapunguza tindikali ya lundo, na katika hali hiyo amonia hutoka kwa kasi zaidi. Chokaa nayo ni hivyo hivyo. Majivu ni mali nzuri, yana potasiamu nyingi, lakini yapeleke moja kwa moja kwenye migomba, yasikutane na samadi mbichi. Cha kufunika samadi ni udongo mkavu. Udongo hushika amonia, na kwenu mna udongo wa volkano wa kutosha.

Amonia inayopaa ni naitrojeni inayopaa, yaani chakula cha mimea kinachopotea hewani, na hapa naomba usome polepole. Zaidi ya nusu ya naitrojeni anayotoa ng'ombe iko kwenye mkojo, na potasiamu nyingi pia iko kwenye mkojo. Fosforasi ndiyo iliyobaki kwenye mavi. Wafugaji wengi wanahangaika kusomba mavi na kuacha mkojo uzame ardhini. Tuseme lita moja ya mkojo ina gramu 7 za naitrojeni, makadirio ya chini kwa ng'ombe anayekula majani na pumba kidogo, na tuseme unafanikiwa kukinga lita 10 kwa siku kwa ng'ombe mmoja. Kwa mwaka ni kilo 25. Mfuko wa urea wa kilo 50 una naitrojeni kilo 23. Kila ng'ombe wako, kwa mkojo peke yake, anatoa zaidi ya mfuko mmoja wa urea kila mwaka. Hutaipata yote, hata mfugaji hodari hupoteza sehemu. Lakini ukiokoa nusu tu, ni mifuko miwili ambayo mumeo hatakwenda kuinunua.

Kuukinga hakuhitaji ufundi mkubwa. Chini ya mteremko wa sakafu weka mfereji wa saruji wa upana wa kiganja, uelekee kwenye pipa la lita 200 lililozikwa nusu, lenye mfuniko. Mfuniko ni lazima, kwa ajili ya amonia na kwa ajili ya watoto. Mdomoni mwa pipa weka kipande cha wavu au gunia la katani lizuie mavi. Pipa likijaa, changanya ndoo moja ya mkojo na ndoo nne au tano za maji, chimba kijifereji chembamba hatua moja kutoka shina la mgomba, mwaga, fukia hapo hapo. Usimwage juu ya majani, yataungua. Usimwage kabla ya mvua kubwa, itakwenda kijitoni. Mgomba unapenda sana potasiamu, kwa hiyo huo mkojo una mteja wake tayari nyuma ya nyumba yako.

Nije kwenye mahindi ya njano, maana naona muuza pembejeo aliyatumia kukutisha. Mahindi hayakuungua. Mahindi yaliona njaa. Vijidudu vya udongo vinavyovunja mabaki vinahitaji naitrojeni ili vikue, kama fundi anavyohitaji chakula ili ajenge. Kwa wastani vinafanya kazi vizuri pale ambapo kaboni ni mara 25 hadi 30 ya naitrojeni. Mavi ya ng'ombe yako karibu na 20 kwa 1, yaani yanajitosheleza. Mabua ya mahindi ni kama 60 kwa 1. Maranda na unga wa mbao vinapita 200 kwa 1. Ulipoweka maranda mabichi shambani, vijidudu vilikuta kaboni ya karamu na naitrojeni haba, vikanyonya hata ile iliyokuwa udongoni. Mahindi yakabaki yanatazama. Ukichimba pale pale msimu ujao utakuta udongo mzuri, kwa sababu vijidudu hivyo vikifa vinarudisha walichokopa. Maranda ni malalo mazuri sana kwa ng'ombe, yananyonya mkojo kuliko majani. Endelea kuyatumia kidogo kidogo, ila yapite kwenye lundo miezi mitatu minne kabla hayajaona shamba.

Kuhusu kuunguza, mbolea ya kuku mbichi huunguza kweli, ya ng'ombe ni mara chache. Kuhusu magugu amesema kweli kwa samadi mbichi: mbegu nyingi hupita tumboni mwa ng'ombe zikiwa hai, na lundo lililopoa kwa maji haliziui. Lundo lenye joto huziua. Na urea yenyewe sina ugomvi nayo. Samadi hutoa naitrojeni yake polepole, robo au theluthi hivi mwaka wa kwanza na nyingine baadaye, kwa hiyo mahindi yakifika magotini yanaweza kuhitaji urea kidogo ya kukuzia hata kama uliweka samadi nzuri. Lakini urea haileti fosforasi, haileti potasiamu, haishiki maji, haifanyi udongo uwe laini. Ukiiweka kwenye udongo uliolishwa samadi, inafanya kazi zaidi.

Sasa lundo lenyewe, na hapa nitakaa kidogo.

Miaka mingi iliyopita, nikiwa kijana kwenye kazi hii, nilimshauri mzee mmoja wa nyanda za juu achimbe shimo la samadi kina cha mita moja na nusu. Ndivyo nilivyofundishwa, na kwenye sehemu kavu ni ushauri mzuri, shimo huhifadhi unyevu. Nilirudi Aprili. Shimo lilikuwa kisima cha maji meusi, mbuzi alikuwa ametumbukia, na yule mzee alinitazama bila kusema neno. Tangu siku hiyo, kwenye mvua nyingi nasema: panda juu, usishuke chini. Wewe usichimbe shimo. Jenga lundo juu ya ardhi, juu ya sakafu ngumu ya mawe au udongo ulioshindiliwa, chini ya paa.

Chagua mahali upande wa juu, karibu na banda, ambapo toroli haipandi mlima. Simamisha nguzo na bati chache, gawa vyumba vitatu kwa mabanzi, kila kimoja mita 2 kwa 2. Chini tandika mabua yaliyokatwa urefu wa shubiri ili hewa ipite. Juu yake mavi, unene wa shubiri. Juu ya mavi weka majani makavu ya migomba, mabaki ya majani ya guatemala ambayo ng'ombe wamekataa, au maranda yaliyolowa mkojo. Kisha udongo kidogo, kama unavyonyunyiza unga kwenye ubao wa chapati. Rudia hivyo mpaka lundo lifike kiunoni au kifuani. Likiwa fupi kuliko hapo haliwezi kuhifadhi joto lake. Kwa ng'ombe wanne chumba kimoja kitajaa kwa mwezi hivi. Mwezi ukiisha, lihamishe lundo lote kwenda chumba cha pili, la nje likae ndani na la ndani likae nje. Huko kuhamisha ndiko kuligeuza. Mwezi wa pili ukiisha, lipeleke cha tatu. Mwisho wa mwezi wa tatu, au wa nne ukiwa katika baridi ya Juni na Julai, litakuwa tayari.

Utajuaje linafanya kazi? Chukua nondo ndefu, ichomeke katikati ya lundo siku ya tano tangu ulijaze au uligeuze, iache kama dakika kumi, ichomoe na ushike ncha. Ikikulazimisha kuachia, joto limefika nyuzi 55 au 60, na hapo mbegu za magugu, mayai ya minyoo na mabuu ya nzi hayaponi. Ikiwa vuguvugu tu, kuna kilichopungua: maji, hewa au mavi. Chota konzi moja kutoka ndani na uikamue kwa nguvu. Yakitoka matone mawili matatu kati ya vidole, unyevu ni sawa. Yakichuruzika, ongeza vitu vikavu na uligeuze. Lisipotoa tone na ukaona ukungu mweupe kama majivu, limekauka. Mwagilia, na hata mkojo kutoka kwenye pipa unafaa, ila uufunike. Samadi iliyoiva ni nyeusi, inameguka, haina joto, na huwezi kutambua tena kipi kilikuwa mavi na kipi jani. Ukiwa na wasiwasi, jaza kopo, panda mbegu za mchicha. Zikiota vizuri ndani ya wiki, shamba nalo litaipokea.

Nzi utawashinda njiani humo humo. Nzi huhitaji kama siku 7 hadi 10 za joto kutoka yai hadi kuruka, na mabuu wao hutaka mavi mabichi yenye unyevu. Ukisafisha banda kila siku na lundo likawaka, mzunguko unakatika. Waachie kuku wachakure pembeni mwa lundo.

Kijito sasa, na hapa sitapunguza ukali. Hatua ishirini ni kama mita 18. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinazuia shughuli za kudumu, au zinazoweza kuharibu kingo, ndani ya mita 60 kutoka kwenye mto. Mwenyekiti wa kitongoji akitaka kukubana, sheria iko upande wake. Lakini hata isingekuwepo sheria ningekuomba uhamishe. Vijito vya Rungwe vinaingia mito kama Kiwira, Mbaka na Lufilyo, na hiyo inateremka Ziwa Nyasa. Katikati kuna watu wanaochota kwa ndoo. Kutoka kwenye lundo lako mvua inabeba bakteria wa kuharisha na mayai ya minyoo, na naitrojeni inashuka kwenye chemchemi ikiwa naitreti, ambayo ikizidi kwenye maji ya kunywa huzuia damu ya mtoto mchanga kubeba oksijeni. Lililopo bondeni lisombe lote kabla ya Novemba, tandaza kwenye migomba iliyo juu, fukia. Pale lilipokuwa panda mistari miwili mitatu ya guatemala au majani tembo, ikikingama mteremko. Itakamata kinachoteremka, na itakupa malisho.

Kwenye kabichi usiweke mavi mabichi hata siku moja. Mboga inayogusa udongo na inayoweza kuliwa mbichi, ningetaka ipite angalau miezi minne tangu mavi mabichi yaingie ardhini mpaka kuvuna. Samadi iliyopata joto na kuiva haina tatizo hilo, ichanganye na udongo kabla ya kupandikiza. Na kuna kitu ambacho hukuuliza: kondo la nyuma na ndama aliyezaliwa mfu visiende kwenye lundo. Visishikwe kwa mikono mitupu. Ugonjwa wa kutupa mimba, brusela, humwambukiza mtu hapo hapo, naye akahangaika na homa miezi kadhaa akidhani ni malaria. Chimba shimo refu mbali na maji, fukia, weka miiba juu mbwa wasifukue.

Nimeacha biogesi mpaka sasa makusudi. Mwanao hajakosea kuipenda. Tanzania ilianza mpango wa kitaifa wa mitambo ya majumbani mwaka 2009 chini ya CAMARTEC, kituo cha serikali cha teknolojia vijijini huko Arusha, mafundi wengi wakafunzwa, na nimeingia jikoni kwa akina mama ambao hawajagusa kuni miaka na macho yao yamepona. Kilo 25 za mavi hutoa karibu mita moja ya ujazo ya gesi kunapokuwa na joto. Kilo zako 100 zingekupa kama mita 3 hadi 4, na kwa baridi ya Tukuyu punguza, maana bakteria wanaotengeneza methani, ile gesi inayowaka, hulegea joto likishuka chini ya nyuzi 20. Bado ungepata moto wa jiko moja kwa saa nne hadi sita kwa siku. Ni kitu kikubwa.

Lakini mtambo hauli mavi. Karibu kila kinachoingia kinatoka. Unaweka kilo 100 za mavi na lita 100 za maji kila siku, na upande wa pili zinatoka kama lita 200 za tope. Tope hilo ni mbolea nzuri kuliko mavi mabichi, halinuki sana, nzi hawalipendi, ila ni tope, na ni mara mbili ya ulilonalo. Mtu aliyeshindwa na tope kabla ya mtambo atashindwa zaidi baada ya mtambo. Pia mtambo unataka mavi yasiyo na maranda wala mchanga, hautaki sabuni, na ng'ombe akichomwa dawa za kuua bakteria mavi yake yapelekwe pembeni siku hizo. Mtambo unaovuja ni hasara ya aina nyingine: methani hupasha dunia joto karibu mara 28 ya kaboni dayoksaidi, uzito kwa uzito, ukihesabu kwa miaka 100.

Ushauri wangu ni huu: mwaka huu maliza paa, gata, pipa la mkojo na vyumba vya lundo. Maji ya gata yakusanye kwenye tanki, ndiyo yatakayochanganya mavi ya mtambo baadaye. Mvua moja ikipita na banda likabaki kavu, mwite fundi wa biogesi, mzungumze habari ya mtambo wa mita za ujazo 9 hivi. Na siku hiyo ikifika, mwambie mwanao kwa niaba yangu, nakuomba: mtu haingii kamwe ndani ya mtambo wala shimo la tope, hata likiwa tupu, hata kwa dakika moja, hata kumfuata aliyeanguka. Gesi ya salfa ikiwa nyingi inaua uwezo wa pua kunusa, kwa hiyo kutosikia harufu si dalili ya usalama.

Ng'ombe wawili kuuzwa? Mumeo ana hoja moja ambayo huenda hakuisema. Ekari moja haiwezi kunywa samadi yote ya ng'ombe wanne. Kilo 36,000 mbichi zikiiva zinakuwa kama tani 15, na ekari yenye migomba na mahindi inatosheka na tani 4, tuseme 8 kwa migomba iliyosongamana. Ng'ombe wako wanakula majani ya barabarani na pumba za dukani, kwa hiyo rutuba ya mashamba ya watu inahamia kwako kila siku. Lazima sehemu yake itoke. Nenda kwa yule jirani aliyelalamika, mpelekee gunia moja la samadi iliyoiva, aishike kwa mkono wake, ainuse. Halafu mwulize kama angependa kubadilishana na majani yake. Nimeona majirani wakipatana hivyo mara nyingi. Lakini kama ukiangalia ukakuta huna pa kuipeleka tani 7 zilizobaki, na malisho ya wanne unayatafuta kwa taabu kiasi kwamba wote ni wembamba, basi wawili walioshiba ni bora, nami sitakulaumu ukiuza. Ila uza kwa sababu ya malisho, usiuze kwa sababu ya harufu.

Kuna mambo ambayo siwezi kuyaona nikiwa hapa. Mteremko wa banda na mahali pa mfereji wa kukinga vinataka mtu asimame pale. Mwite afisa ugani wa kata, siku ya mvua akikubali, aone maji yanapita wapi. Ng'ombe akichechemea, au maziwa yakitoka na vipande, au mimba ikitoka, mwite daktari wa mifugo siku hiyo hiyo. Udongo wa mahindi ungepimwa kabla ya kununua mfuko wowote. Kituo cha utafiti cha Uyole, Mbeya, kiko karibu nawe. Na mtoto akiharisha damu, au mtu wa nyumbani akipata homa inayokuja na kuondoka pamoja na maumivu ya viungo, nendeni zahanati na mumweleze mganga kwamba mnafuga ng'ombe. Neno hilo moja linabadilisha vipimo atakavyovifanya.

Ukipata nafasi, pima urefu na upana wa bati la banda kwa kamba, uniandikie pamoja na idadi ya ndoo za maji mnazotumia nyumbani na bandani kwa siku. Nitakukadiria ukubwa wa tanki kabla hujaingia dukani.